Mjadala: Idi Amin ni shujaa wa nani?

Kuna picha inazunguka kwenye simu za vijana wetu hapa Mombasa: Idi Amin, aliyetawala Uganda 1971 hadi 1979, amekaa kitini, mwaka 1975, Wazungu wamembeba mabegani. Imeandikwa "Simba wa Afrika". Nimeiona hata kwenye fulana. Ukiwauliza wamsifia nini, watakwambia aliwakomesha Waingereza, aliwafukuza Wahindi, na alikuwa Mwislamu mwenzetu. Tulijadili hili bila matusi. Naanza mimi.

Huyo mkomeshaji wa Waingereza aliingia jeshi lao la kikoloni la Afrika Mashariki, KAR (King's African Rifles), mwaka 1946, na miaka ya 1950 wakamleta hapa Kenya kupigana na Mau Mau. Bunduki yake ilielekezwa kwa Wakenya waliodai ardhi yao! Alipompindua Rais Milton Obote wa Uganda Januari 1971, Uingereza ilikuwa miongoni mwa wa mwanzo kumtambua. Baadaye akajipa cheo cha Mshindi wa Milki ya Uingereza. Alishinda vita gani? Nishani kajivisha mwenyewe, na leo kijana wa Majengo azisoma kama historia.

La Wahindi laniuma zaidi, maana sisi twaishi nao mlango kwa mlango, watoto wetu wasoma pamoja. Mwaka 1972 aliwapa siku 90 waondoke, wengi wao wakiwa wazaliwa wa Uganda. Maduka na viwanda wakagawiwa wanajeshi na wapambe wake. Mwananchi wa kawaida akabaki kuitafuta sukari kwa magendo, katika nchi yenye kiwanda kikubwa kama Kakira.

Na dini? Shaban Nkutu, aliyekuwa waziri wa Obote, alikuwa Mwislamu. Aliuawa 1973. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitolewa mahakamani na askari, Septemba 1972, asirudi tena. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977 pamoja na mawaziri wawili, serikali ikatangaza ni ajali ya gari. Makadirio ya waliouawa katika miaka ile minane hufika watu 300,000. Suratul Maida, aya ya 32, yasema mwenye kuua nafsi moja bila haki ni kama aliyewaua watu wote. Basi Uislamu wa Amin tuutaje kwa lipi?

Hata Kenya hakuiacha. Februari 1976 alidai sehemu kubwa ya magharibi mwa nchi yetu ni ya Uganda. Hilo halimo kwenye fulana.

Alikimbia 1979, akafia Jeddah 2003, na hakusimama kizimbani hata siku moja. Nadhani hapo ndipo uongo ulipopata nafasi: hakuna hukumu ya mahakama ya kumwonyesha kijana.

Wanaomtetea, nitajieni jambo moja alilolitenda, si alilolitamka, lililomwacha Mganda wa 1979 katika hali nzuri kuliko ya 1971. Na nyinyi walimu wa sekondari na wa madrasa, vijana wetu mwawafundisha nini kuhusu miaka ile?