Tupeane uzoefu: Ratiba ya bosi na maisha ya nyumbani

Wakuu mnaosimamia watu, hasa kazi za zamu hapa Tanzania Bara: bosi afanye nini ili mfanyakazi abakiwe na muda wa familia? Tuingie kwenye undani.

Msimamizi wa zamu
Anza na ratiba. Ibandike siku 14 kabla, si Jumapili usiku kwenye grupu la WhatsApp. Kwanza kusanya maombi kwenye daftari moja: kliniki ya mtoto, kikao cha wazazi, harusi. Kama mpo 12, mmoja awe wa akiba kila siku. Bila yeye, homa ya mtoto mmoja inakuwa simu za saa 3 usiku kwa kila mtu. Aliyetoka zamu ya usiku saa 12 asubuhi usimrudishe saa 8 mchana, kisheria anatakiwa kupumzika saa 12 mfululizo. Kubadilishana zamu waachie wapatane wenyewe, wewe kagua mapumziko hayo kisha saini. Bosi mkali anayekataa kila ombi huishia kuletewa "naumwa" za uongo, maana mtu anaogopa kusema mwanangu anaumwa.

Afisa utumishi
Naongezea la anayenyonyesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Wengi humpa saa 7 hadi saa 9 mchana. Ofisi Posta, nyumbani Mbagala, jijini Dar es Salaam: muda wote unaishia kwenye daladala, mtoto hajanyonya, blauzi imelowa maziwa. Kubalianeni atoke saa 8 badala ya saa 10, kwa barua, nakala kwa msimamizi wake. Ahadi ya mdomo hufa siku bosi anapohamishwa.

Mwandaa mishahara
Mtoto akiugua, au ukifiwa na mzazi, mwenza, mtoto au ndugu wa tumbo moja, kuna siku 4 zenye malipo. Hazikatwi kwenye siku 28 za likizo ya mwaka. Kosa hutokea kwenye fomu: ina neno "likizo" tu, karani anakata zote. Ongezeni kisanduku cha dharura ya familia. Baba ana siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe; mpangieni mbadala mapema.

Na kazi ya ziada iombwe kabla ya saa 6 mchana, mwenye mtoto wa kumchukua shule apate wa kumtuma.