Kwa nini 1/6 + 3/8 si 4/14?

MamaDarasaLaTano:
Habari za jioni wanajamvi. Binti yangu kaleta daftari, swali 1/6 + 3/8, kaandika 4/14, mwalimu kamwekea kosa. Nikamkumbusha KDS (kigawe kidogo cha shirika), akapata 13/24. Ila kanibana: "Mama, kuzidisha tunafanya juu kwa juu, chini kwa chini. Kujumlisha kuna nini?" Nataka aelewe, asikariri tu.

Chaki_Nyeupe:
Dada, mwambie alinganishe jibu lake na 3/8 aliyoanza nayo. 4/14 ni 2/7, sawa na 16/56. 3/8 ni 21/56. Yaani kaongeza kitu, jumla ikapungua! Hapo atashtuka mwenyewe.

Asili (namba ya chini) inasema kipande ni cha ukubwa gani, kiasi (namba ya juu) kinasema viko vingapi. Kwenye 24 vinalingana: 4/24 na 9/24, ndipo unahesabu 13. KDS ikimshinda azidishe 6 kwa 8: 8/48 + 18/48 = 26/48, akirahisisha anarudi palepale. Kuzidisha ni habari nyingine, ni sehemu ya sehemu. Nusu ya theluthi ni sudusi (1/6), kipande kimezidi kuwa kidogo.

Ustadh_wa_Mirathi:
Nasomesha mirathi, na hesabu hii kwetu ni haki ya watu, kwa hiyo naomba watoto wasiipite juujuu. Chukua marehemu aliyeacha mke, mabinti wawili, mama na kaka wa baba mmoja mama mmoja. Mke ana thumni (1/8), mabinti wana theluthi mbili (2/3), mama ana sudusi (1/6). KDS ya 8, 3 na 6 ni 24. Mke 3, mabinti 16, mama 4, jumla 23/24. Fungu 1 lililobaki ni la kaka.

Tuseme mali, baada ya mazishi, madeni na wasia, ni shilingi 24,000,000. Mke anapata milioni 3, kila binti milioni 8, mama milioni 4, kaka milioni 1. Sasa jumlisha kwa njia ya juu kwa juu: 4/17. Hiyo ni kama milioni 5 na nusu kwa wanawake wote wanne, na mabinti peke yao wana 16! Mjane akifanyiwa hesabu hiyo kadhulumiwa, hata kama aliyeifanya hakukusudia.

MamaDarasaLaTano:
Ahsanteni sana. La 2/7 kalielewa papo hapo. Ustadh, mafungu yakipita 24 inakuwaje?

Ustadh_wa_Mirathi:
Swali zuri, mama. Mtoe kaka, mweke baba wa marehemu. Na yeye ana sudusi, mafungu 4, na jumla inakuwa 27/24. Mali haitoshi mafungu yote. Hapo tunafanya auli: asili inapandishwa kuwa 27, kila mtu anabaki na idadi yake ya mafungu, ila fungu lenyewe linapungua. Mke anapata 3/27, yaani 1/9 badala ya 1/8. Inasimuliwa kuwa Ali bin Abi Talib aliulizwa mas-ala haya akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumni ya mke imekuwa tusui.

Mpe binti mali ya 27,000,000 agawe kwa hao watano. Mke anapata ngapi?

MamaDarasaLaTano:
Kaandika milioni 3, na wazazi milioni 4 kila mmoja. Anaendelea na mabinti.

Chaki_Nyeupe:
Akimaliza ajumlishe zote, lazima zirudi 27.