Maji ya paani yana E. coli, nitajuaje ni ya popo au ya njiwa?

Mzabibu_Hombolo: Wakuu habari za jioni. Niko huku Hombolo, bomba linatoka kwa kubahatisha kwahiyo mvua zikianza nakinga ya paani yanaingia kwenye simtanki. Nimepeleka maji maabara wamekuta E. coli, wale bakteria wa tumboni wanaotoka na kinyesi. Sasa darini kuna popo kibao, juu ya bati nako njiwa wanashinda wakinyea, mama anataka popo wafukizwe moshi wahame ila mi naona tunaweza kumwonea asiyehusika. Hivi bakteria wa popo na wa njiwa ni yuleyule? Kuna kipimo cha kumjua mwenye naye? Nina mtoto wa miaka 2, naogopa kwakweli.

dada_maabara: Pole kaka. Kipimo ulichopewa kinasema tu yupo, hakisemi katoka tumbo la nani. Maji ya kunywa hatakiwi kuonekana hata mmoja kwenye mililita 100. Halafu E. coli ni jina la ukoo mkubwa, mmoja anabeba jeni kama 4,000 mpaka 5,500 ila zile wanazokuwa nazo wote ni kama 2,000 tu, zilizobaki kila mmoja na zake na wanapeana wenyewe kwa wenyewe. Wataalamu wanawapanga makundi, A, B1, B2, D na kuendelea, lakini kundi moja unalikuta kwa wanyama tofauti, kwahiyo hela ya kusoma jeni bora uinunulie mkaa uchemshe maji ya mtoto kuanzia leo.

mtu_wa_popo: Swali lako zuri sana mkuu. Popo ananyonyesha, ungetegemea tumbo lake lifanane na la panya au la kwetu. Mwaka 2020 jarida la mBio lilitoa utafiti wa wanyama wenye uti wa mgongo, spishi karibu 900, wakakuta bakteria wa popo wanafanana zaidi na wa ndege! Kwa mamalia wengine walio ndugu wana bakteria wanaokaribiana, na chakula nacho kina mchango, kwa popo na ndege hayo yote ni hafifu. Inadhaniwa ni kuruka, mwili lazima uwe mwepesi, utumbo mfupi, chakula kinapita fasta, bakteria hawapati muda wa kuweka makazi. Msiwafukize jamani, hasa wakiwa na vichanga, hao wa darini wanakula wadudu usiku kucha.

Mfugaji_Kongwa: Jina lisikutishe. Kuku wangu waliugua taifodi majirani wakaogopa kupita hata uani, kumbe Salmonella, yaani bakteria, ya taifodi ya kuku ni nyingine na ya taifodi ya watu ni nyingine, hiyo ya watu haikai kwa kuku.

dada_maabara: Kweli kabisa. Mzabibu, popo wanatokea tundu gani?

Mzabibu_Hombolo: Upande wa jikoni, gata iko upande wa pili.

dada_maabara: Basi mavi yao mengi hayafiki kwenye gata, anza na njiwa. Safisha bati na gata, mvua ya kwanza iachie imwagike, mdomo wa tanki funga wavu, halafu kapime tena.

Mzabibu_Hombolo: Asante dada, kesho napanda juu na ndoo. Mama nimemsomea, kasema popo wabaki kwanza.