Mkataba unasema "mfumo utaunganishwa na malipo ya simu", sasa mteja kazuia hela ya mwisho. Naomba ushauri

Kodi_ya_Usiku:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa programu, nipo Mwanza, nafanya kazi na kijana mmoja wa kunisaidia. Mwaka jana nilitengenezea SACCOS moja mfumo wa michango na mikopo. Malipo ya simu yanapitia kampuni ya kati, na aliyeingia nayo mkataba ni SACCOS, siyo mimi. Mkataba wangu una kurasa 9, karibu zote ni malipo, usiri na namna ya kuuvunja. Kuhusu kuunganisha kuna sentensi moja tu: "Mkandarasi ataunganisha mfumo na huduma za malipo ya simu na kuhakikisha unafanya kazi ipasavyo."

Miezi mitatu mambo yalikwenda vizuri. Kisha kampuni ya kati ikabadilisha ujumbe inaoutumia mfumo kila mtu anapolipa, bila kumwambia mtu. Namba ya simu iliyokuwa inakuja ikianza na 07 ikaanza kuja na 2557. Mfumo unamtafuta mwanachama kwa namba, haumwoni, hela inaangukia akaunti ya muda. Watu wakajaa ofisini wameshika simu zenye meseji ya malipo. Nilirekebisha ndani ya siku mbili, ila mwenyekiti amezuia asilimia 30 ya mwisho, anadai "ipasavyo" haikutimia. Wiki ijayo nasaini kazi nyingine ya aina hiyohiyo. Hii hela naidaije, na mkataba mpya niuandikeje? Nawasilisha.

Babu_Kebo:
"Ipasavyo" ndiyo iliyokumaliza mkuu. Hilo neno analipima mwenye hela.

Wakili_Mstaafu_Kidogo:
Kwanza tuliza moyo. Kuna watakaokutajia kifungu cha 29 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kwamba makubaliano yasiyo na maana ya uhakika ni batili. Usikimbilie huko. Ukishabatilisha sentensi inayotaja kazi yako, utadai malipo ya kazi gani? Niambie: mlisaini hati ya makabidhiano?

Kodi_ya_Usiku:
Ipo. Meneja alisaini, na mhuri wa SACCOS upo.

Wakili_Mstaafu_Kidogo:
Basi una nguvu kuliko unavyodhani. Walipokea kazi ikiwa inafanya kazi. Toa kwenye kumbukumbu za seva ujumbe wa siku moja kabla ya mabadiliko na wa siku ya mabadiliko, uviweke pamoja na hati hiyo, uandikie bodi barua. Bodi, siyo mwenyekiti, na siyo WhatsApp. Ficha namba za wanachama kwenye hizo nakala, maana kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na hutaki kesi ya pili. Lugha iwe ya heshima, bado unawahitaji.

Mzee_wa_Swichi:
Nimeunganisha mifumo ya benki miaka mingi, nikuambie kijana wangu yanakogombaniwa. Mahali mifumo miwili inapokutana ni kama mpaka wa shamba: usipopanda mikonge, kila mwaka jirani anasogea hatua moja.

Chukua kiasi cha pesa. Ujumbe unasema 150000. Ni shilingi laki moja na nusu, au ni senti, yaani shilingi 1,500? Kwenye ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha alama za fedha, shilingi ya Tanzania na ya Kenya zina tarakimu mbili za senti, ya Uganda haina, faranga za Rwanda na Burundi pia hazina. Mteja wako akifungua tawi Kampala bila hilo kuandikwa, mtatafutana.

Saa nayo. Seva nyingi hutunza saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, sisi tumetangulia saa 3. Mchango wa saa 8 usiku wa tarehe 1 utasomeka umeingia tarehe 31 ya mwezi uliopita, mwezi mpya utaonekana haujalipiwa, mwanachama atapigwa faini ya kuchelewa naye alilipa.

Halafu ujumbe ukija mara mbili? Andika kwamba namba ya muamala ikijirudia, mfumo unahesabu mara moja. Na mtu akikuahidi huduma kupatikana asilimia 99.5, piga hesabu: kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni saa 3 na dakika 36 za kuzimika, na hajakosea chochote.

Dada_Majaribio:
Naongezea hapo kwa Mzee: kuandika peke yake hakutoshi. Chombo cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilipotea Septemba 1999. Maelezo ya kiungo kati ya programu mbili yalitaka vipimo vya newton, upande mmoja ukatoa vya pauni. Karatasi ilikuwa sahihi kabisa! Kwa hiyo weka kwenye kiambatisho ujumbe halisi wa mfano, mzuri na mbovu, na mkubaliane kwamba kazi inapokelewa ikipita mifano hiyo.

Wakili_Mstaafu_Kidogo:
Sawa kabisa, na kiambatisho kiwe na namba ya toleo na tarehe. Mkataba useme pia kiambatisho kikipingana nao, kipi kinashinda.

Kodi_ya_Usiku:
Asanteni sana wakuu. Barua nimeanza kuiandika. Rasimu ya kifungu kipya ni hii: "Mkandarasi atapokea ujumbe wa malipo kwa muundo ulio kwenye Kiambatisho B, toleo la 1. Mteja atahakikisha mtoa huduma wake anatoa taarifa ya maandishi siku 30 kabla ya kubadilisha muundo huo. Marekebisho yatokanayo na mabadiliko hayo yatalipiwa kwa bei ya kila siku ya kazi iliyo kwenye Kiambatisho C. Ujumbe usipofika kwa wakati, mfumo utauliza hali ya muamala."

Mzee_wa_Swichi:
Nzuri. Ila "kwa wakati" ni mdogo wake "ipasavyo". Weka sekunde, useme utauliza mara ngapi, na ukishindwa nani anapigiwa simu usiku huohuo.

Kodi_ya_Usiku:
Sekunde 60, mara 3, kisha anapigiwa mhasibu wao. Nabadilisha sasa hivi.