Majibu ya Jumanne

Rehema: Asalaam aleikum jamaa zangu, na wakubwa wote shikamooni. Nimeona niandike humu mara moja kuliko kumjibu kila anayepiga simu. Wiki tatu zilizopita, nilipokuwa nafunga ushungi, niligusa uvimbe chini ya taya upande wa kulia, mgumu kiasi, usiouma, mkubwa kama korosho. Nilichomwa sindano nyembamba, kilichovutwa hakikutosha, na juzi nikakatwa kinyama. Majibu yatatoka Jumanne ya wiki ijayo, na mpaka hapo hata daktari mwenyewe hajui ni nini.

Shangazi: Marahaba mwanangu, pole sana. Hayo ni matezi tu. Yuko mzee kule Pongwe anayechanja na kupaka dawa, na mtu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Baba Mdogo: Dada, kwa heshima zote, hapo nakupinga. Katika miaka yangu ya maabara nimewaona waliochanjwa shingoni wakaja na kidonda kinachochuruzika usaha kwa miezi, kwa sababu kumbe kilikuwa kifua kikuu cha tezi, na wembe ndio uliokifungulia mlango.

Kaka Hamisi: Kifua kikuu, naye hakohoi? Na kama ndicho, watoto tuwahamishie kwangu?

Baba Mdogo: Kifua kikuu hakikai mapafuni peke yake, na nje ya mapafu tezi za shingo ni mojawapo ya sehemu kinazozishambulia sana. Kikiwa kwenye tezi tu hakiambukizi, kwa hiyo watoto wabaki na mama yao. Dawa zake hutolewa bure, na kwa kawaida humezwa miezi 6. Lakini sisemi kuwa ndicho. Inaweza kuwa tezi iliyovimba kwa jino bovu, na inaweza kuwa saratani. Rovu sidhani, kwa kuwa rovu hukaa mbele ya koo na hupanda mtu anapomeza mate.

Rehema: Ahsante kwa kulitaja hilo neno, Baba Mdogo, maana wengine wote wananipigia na kulizunguka, nami nimelala nalo tangu juzi. Ninachoshindwa kukielewa ni huku kusubiri. Kinyama chenyewe hakizidi punje ya mchele, kwa nini kichukue siku zote hizo?

Baba Mdogo: Kwanza hulazwa kwenye formalini kisioze, kisha hukaushwa maji kwa spiriti, kikagandishwa ndani ya nta, kikakatwa vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, ndipo kitiwe rangi na kusomwa kwa hadubini. Msomaji akiwa na shaka huagiza rangi nyingine, na siku zinaongezeka. Hilo peke yake lisikutishe. Je, waliweka kipande kingine kwenye maji ya chumvi? Formalini huua vimelea, na vikishakufa haviwezi kuoteshwa maabara ili kujua kama ni kifua kikuu.

Rehema: Vilikuwa vichupa viwili. Kimoja kilikuwa na harufu kali iliyoniingia mpaka machoni.

Baba Mdogo: Hicho ndicho cha formalini. Basi wamefanya sawasawa.

Shangazi: Haya, mzee wa Pongwe nimemwacha. Lakini mama yako utamwambia lini? Jana kaniuliza kwa nini siku hizi humpigii asubuhi.

Rehema: Mama hana simu ya kuingia humu, na naomba asiambiwe hadi Jumanne, kwani mnajua akiwa na wasiwasi hali chakula. Akiuliza tena, mwambieni nasahihisha mitihani, na huo si uongo, maana madaftari ya darasa la sita yamejaa mezani na kila nikifungua moja mkono wangu unarudi shingoni.

Kaka Hamisi: Jumanne saa 2 asubuhi nitakuwa mlangoni kwako na bajaji. Ukitaka nitakusubiri nje, ukitaka nitaingia nawe.

Rehema: Uingie. Na uje na kalamu, maana mara ile nilitoka kwa daktari sikumbuki hata nusu ya aliyoniambia.