Mafuta ya kukaangia kwenye injini ya dizeli: nichuje nimimine, au nipike biodizeli?

Gurudumu_la_Nyuma

Wakuu, habari zenu. Nina pikapu ya zamani, injini ya dizeli ya pampu ya kuzunguka, haina kompyuta wala mbwembwe. Kuna jiko kubwa linanipa madumu ya mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kazi, bure, mradi niyafuate mwenyewe.

Nimesikia kambi mbili. Wa kwanza wanasema chuja kwa kitambaa, changanya na dizeli nusu kwa nusu, washa, ondoka. Wengine wanasema lazima yapikwe na methanoli na kostiki soda ndipo yawe biodizeli. Sitaki kuua pampu kwa sababu ya kubana matumizi. Anayejua anieleze, tena kwa vipimo, maana video zote zinaishia pale gari linapowaka.

MojaMoja_Tangini

Mkuu, usijisumbue na kemia. Mimi nachuja, nachanganya, napiga barabara. Hata injini ya Rudolf Diesel mwenyewe ilitembea kwa mafuta ya karanga. Ikitoa moshi asubuhi kanyaga kidogo, inakaa sawa.

FundiPampu

Kazi yangu ni kufungua pampu na nozeli, kwa hiyo naongea ya mezani kwangu.

Ya karanga ni kweli. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta hayo. Ila zile zilikuwa mashine kubwa za mwendo wa taratibu, zimefungwa mahali pamoja. Si pikapu inayowashwa na baridi yake na kuzimwa kabla haijapata moto. Tatizo la mafuta mabichi ni mnato. Kwenye nyuzi 40, kwa kipimo cha mnato cha senti-stoki, dizeli ya kawaida husoma kati ya 2 na 4.5. Biodizeli, kwa kiwango cha Ulaya cha EN 14214, inatakiwa iwe kati ya 3.5 na 5. Mafuta ya kupikia yanasoma 30 na zaidi. Nozeli imeundwa kupuliza ukungu, ukiipa kitu kizito inatema matone, na tone haliungui lote. Kinachobaki kinakauka kuwa masizi kwenye ncha ya nozeli na kwenye ringi za pistoni, kingine kinateremka na ukuta wa silinda hadi kwenye oili. Nozeli za namna hiyo nikizifungua naona ua jeusi limezunguka matundu, gumu, brashi ya waya inateleza tu. Mwenye gari anasema "mbona lilikuwa linakwenda vizuri". Lilikuwa, ndiyo. Huo moshi wako wa asubuhi, MojaMoja, ndio matone yenyewe.

Kwa hiyo Gurudumu, pika. Na kupika ndiyo sehemu nyepesi, kazi iko kwenye maji na kwenye kupima.

Maji kwanza. Dumu likae litulie, uchote ya juu, machicha ya chini uyaache. Tia kijiko kimoja kwenye kikaango cha moto: yakipasukapasuka, yana maji. Yapashe hadi nyuzi 60, yaache yatulie tena maji yazame, chota juu, rudia kikaango. Ukiruka hatua hii utapata sabuni, hutapata mafuta ya gari.

Kisha asidi. Mafuta yaliyokaangiwa sana huvunjika na kutoa asidi huru, na asidi hiyo inakula kostiki yako kabla haijafanya kazi uliyoitumia. Kila dumu lina kiwango chake, kwa hiyo kipimo cha mtu mwingine hakikufai. Yeyusha gramu 1 ya kostiki soda kwenye lita 1 ya maji ya betri (yale ya kuongezea, si asidi). Chukua mililita 10 za isopropanoli (aina ya alkoholi), tia mililita 1 ya mafuta na manjano ya unga kiasi cha ncha ya kisu. Halafu dondosha yale maji ya kostiki kwa bomba la sindano huku unatikisa. Rangi itakuwa njano, itapiga wekundu na kurudi, itapiga tena na kurudi. Pale wekundu unapokaa nusu dakika bila kurudi, simama, soma bomba. Mililita ulizotumia ndizo gramu za kostiki za kuongeza juu ya msingi kwa kila lita ya mafuta. Msingi wa mafuta mapya wengi huweka gramu 5 kwa lita. Ukisoma mililita 2, unapima gramu 7. Yakisoma zaidi ya 5 mimi siyapiki, yana sabuni nyingi mno.

Methanoli ni mililita 200 hadi 220 kwa lita. Kostiki inayeyushwa humo kwanza, kisha inaingia kwenye mafuta yenye nyuzi 55, unakoroga saa nzima, unaacha usiku kucha. Asubuhi gliserini nyeusi iko chini, biodizeli juu. Unatoa ya chini, unaosha ya juu kwa maji, unakausha. Anza na lita moja. Usianze na dumu zima.

Mama_Maabara

Fundi kasema vizuri, ila methanoli kaipita mbio mno. Inachemka kwenye nyuzi 64.7, ndiyo maana anasema 55. Ukizidisha moto unaigeuza mvuke, na mvuke wake unatambaa chini kutafuta cheche. Mwali wake ni wa buluu hafifu, juani huuoni kabisa, mtu anaweza kuungua bila kujua moto uko wapi. Inapita kwenye ngozi. Ikinywewa hata kidogo inapofusha au inaua. Barakoa ya kaboni haiizuii kwa muda wa maana, kwa hiyo fanyia kazi nje, upepo ukikupuliza mgongoni. Pasha mafuta kwanza, zima moto, ndipo methanoli itoke ilikowekwa.

Chombo kisiwe cha alumini. Kostiki inaila na kutoa gesi ya hidrojeni. Ikikurukia machoni ni maji tele kwa dakika 15 halafu hospitali. Siki uiache huko huko, watu wanapenda kushauriana siki.

Mawili ya kuongezea kwenye kipimo. Isopropanoli yenyewe huweza kuwa na asidi, kwa hiyo idondoshee kostiki na manjano hadi iwe nyekundu kabla hujatia mafuta, halafu ndipo uanze kuhesabu. Na ukiweza kupata hidroksidi ya potasiamu, itumie badala ya kostiki soda: zidisha gramu zako zote kwa 1.4. Inayeyuka haraka kwenye methanoli, na gliserini yake haigandi chini ya chombo.

Gurudumu_la_Nyuma

Ahsanteni sana. Nimefanya ya lita moja kama mlivyosema. Gliserini imeshuka vizuri, rangi ya juu nzuri. Ila kwenye kuosha nimetia maji, nimetikisa chupa, limetoka rojo jeupe zito na halitaki kuachana. Nitupe?

FundiPampu

Usitupe. Tia maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, acha, litaachana polepole. Safari ijayo uoshaji wa kwanza usitikise, nyunyizia maji juu yashuke yenyewe, utatikisa kwenye maji ya tatu au ya nne. Lakini rojo linalokataa namna hiyo mara nyingi linasema mafuta hayakuiva, na hilo linajulikana kabla ya kuosha. Chukua mililita 3 za biodizeli, tia kwenye mililita 27 za methanoli safi, joto la chumba lisipungue nyuzi 20, tikisa, weka chini. Biodizeli inayeyuka yote kwenye methanoli, mafuta mabichi hayayeyuki. Tazama kitako cha chupa kwenye mwanga: ukiona lulu ya njano imekaa pale, rudisha jikoni na dozi ndogo ya methanoli na kostiki. Kisipokaa kitu, osha.

Ukishaosha, kausha hadi uweze kusoma maandishi kupitia chupa. Ikiwa na ukungu bado ina maji, na maji kwenye pampu ya kuzunguka ni kutu.

Kwenye gari sasa. Anza na biodizeli moja kwa dizeli nne. Biodizeli inasafisha tangi, uchafu wa miaka yote utaishia kwenye filta, kwa hiyo tembea na filta ya akiba na spana yake. Ukiona gari linakosa nguvu mlimani, ni filta, usianze kugusa pampu. Mipira ya mafuta ya zamani italainika na kuvuja, badilisha uweke ya Viton, mpira usiolainishwa na biodizeli. Nguvu itapungua kidogo, hilo zoea. Usiiweke muda mrefu, inaoza, na kwenye baridi huganda mapema kuliko dizeli, hasa ikitokana na mawese.

MojaMoja_Tangini

Fundi, na injini mpya za komoni reli (nozeli zote zinalishwa na bomba moja la shinikizo kubwa), zile zenye filta ya masizi kwenye ekzosi? Shemeji yangu anayo.

FundiPampu

Mwambie aiache. Zile husafisha filta kwa kupuliza mafuta ya ziada ndani ya silinda. Dizeli ikiteremka kwenye oili, sehemu kubwa huruka injini ikipata moto. Biodizeli hairuki, inabaki inazimua oili. Avute kijiti cha oili: kama kimepanda juu ya alama na hajaongeza kitu, amwage oili leo. Na wewe, lete nozeli zako nizitazame kabla hujaendelea kunibishia.

MojaMoja_Tangini

Jumamosi upo?

FundiPampu

Nipo. Njoo na injini ikiwa baridi.