Naomba ushauri: chemshabongo za programu kila wiki, kila mtu na lugha yake

NkuhunguJuu:
Wakuu, heshima zenu.

Niko Dodoma. Tuna kikundi kidogo cha WhatsApp cha watu wanaojifunza kuandika programu. Wengine bado wako chuo, wengine mchana tuko kwenye kazi za watu na kompyuta tunaigusa usiku. Tulikubaliana kila Ijumaa mmoja atupie chemshabongo ndogo, kila mtu aijibu kwa lugha yake. Tuna watu wa Python, PHP na JavaScript, dada mmoja wa Java, na jamaa mmoja king'ang'anizi wa C.

Tukaanza na swali la kwanza la Project Euler, tovuti ya maswali ya hesabu ya kujibu kwa programu: jumlisha namba zote chini ya 1000 zinazogawanyika kwa 3 au kwa 5. Wa Python akaleta mstari mmoja:

`sum(n for n in range(1000) if n % 3 == 0 or n % 5 == 0)`

Jibu 233168, na vijembe juu. Dada wa Java akaleta klasi nzima, watu wakamcheka. Ijumaa iliyofuata kimya. Wa PHP naye kaanza kusingizia bando.

Naomba msaada kwa mawili. Mchezo huu tuuendesheje usigeuke mashindano ya nani ana mistari michache? Na je, ni kweli kwamba kurukaruka lugha ni kupoteza muda, bora mtu ashike moja?

kaka_mkavu:
Shika moja, tafuta kazi. Mwajiri hakuulizi umejumlisha namba kwa lugha ngapi.

Mzee wa Paskali:
Kaka mkavu, kwa mtu wa miezi ya mwanzo nakubaliana nawe. Ila hapa kila mmoja ameshika lugha yake, wanachofanya ni kuchungulia ya jirani. Hiyo haina hasara.

NkuhunguJuu, tatizo lenu ni swali. Swali lile kila lugha inalijibu kwa njia moja: zunguka, pima baki, jumlisha. Njia zikifanana, cha kulinganisha kinabaki urefu tu, na kwa urefu Java haipati kitu. Chagueni maswali ambayo lugha zenyewe zinagombana.

Mfano, swali la 16 la hukohuko: tafuta 2 kwa kipeo cha 1000, kisha jumlisha tarakimu zake. Python inajibu 1366 bila jasho, kwa sababu namba zake nzima hazina dari. JavaScript ya kawaida inakupa 1.0715086071862673e+301, tarakimu nyingine zimeyeyuka, hadi uandike `2n ** 1000n`. Java ina BigInteger, aina yake ya namba nzima kubwa. Jamaa wa C hana chochote mkononi, itabidi apange tarakimu kwenye orodha, azidishe kwa mbili mara elfu moja, akibeba moja kwenda kushoto kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Programu yake itakuwa ndefu kuliko zote, na wiki hiyo ndiye mwalimu wenu.

bintiSeva:
Naongezea hapo kwa Mzee. Msitegemee maswali ya Wazungu tu. Sisi kwenye kikundi chetu tuliwapa watu saa ya Kiswahili: programu ipokee 08:45 itoe "saa tatu kasorobo". Inaonekana ya kitoto. Watu walikesha.

Wengi huanza na `(saa - 6) % 12`, ile % ikitoa baki ya kugawanya. Saa 9 ya Kizungu inatoa 3, safi. Sasa mpe saa 03:00. Python, Ruby na Lua zinasema 9, saa tisa usiku. JavaScript, PHP, Java, Go na C zinasema -3. Hesabu ileile, alama ileile ya asilimia, majibu mawili! Kundi la kwanza linafuata ishara ya kigawanyo, la pili linafuata ishara ya namba inayogawanywa. Haskell imeamua kutoa zote mbili, `mod` na `rem`, uchague mwenyewe.

NkuhunguJuu:
Duh. Nimejaribu sasa hivi kwa JavaScript, kweli -3. Halafu nikaitumia kuchukua neno kwenye orodha ya majina ya saa, inayoanza na "kumi na mbili" na kuishia "kumi na moja", nikapata `undefined`, yaani hakuna kitu. Wa Python kwenye orodha hiyohiyo anapata "tisa" hata bila kuweka %!

bintiSeva:
Kwa sababu Python ikipewa nafasi hasi huhesabu kutokea mwisho wa orodha. Ya tatu kutoka mwisho ni "tisa", kwa hiyo amepatia kwa bahati. Mpe 19:00, bado bila %, uone kama hatalia. Java itakutupia hitilafu papo hapo. C ndiyo ya kuogopa, inaweza kusoma chochote kilicho kwenye kumbukumbu kabla ya orodha na kuendelea kama hakijatokea kitu.

Dawa inayokubali kwa wote ni `(saa + 5) % 12 + 1`. Hakuna hasi, hakuna sifuri, na 06:00 inatoka kumi na mbili kama inavyotakiwa. Ila msiwaambie kabla ya Ijumaa.

wa_Likoni:
Na dakika mumezisahau? Ikipita nusu, saa yasonga mbele: 12:40 ni saa saba kasoro dakika ishirini. Mtihani wa kweli ni 05:45, lazima itoke saa kumi na mbili kasorobo.

kaka_mkavu:
Siku hizi si wataibandika kwa ChatGPT tu, dakika moja imekwisha?

Mzee wa Paskali:
Watabandika. Ndiyo maana msitoe alama kwa jibu. Anayeleta programu aeleze kwa sauti ya WhatsApp, dakika mbili, kwa nini lugha yake imemlazimisha hivyo. Kama hakuiandika, sauti itamuumbua.

Na msiweke orodha ya washindi. Eric Wastl anaendesha Advent of Code, mafumbo ya programu mtandaoni, kila Desemba tangu 2015, na mwaka 2025 aliondoa ubao wa dunia nzima wa nani kawahi, akapunguza mafumbo kutoka siku 25 hadi 12. Ule ubao ulikuwa unaleta karaha kuliko furaha. Mafumbo yake yanafunguka saa mbili asubuhi kwa saa zetu, hamna haja ya kukesha.

bintiSeva:
Kwa mtu wa bando dogo, kuna Exercism, tovuti ya mazoezi ya programu, ni bure. Mazoezi unayashusha kwenye kompyuta na kuyafanya bila intaneti, na zoezi lilelile utalikuta kwa lugha nyingi. Wa kompyuta ya kuazima asikwame, Termux kwenye simu ya Android inaendesha Python na hata kompaila ya C. Kuna pia The Weekly Challenge, ilianza 2019 kwa ajili ya watu wa Perl, sasa inapokea lugha yoyote. Maswali mawili kila wiki, mepesi, hakuna anayekufukuza.

NkuhunguJuu:
Asanteni sana wakuu. Ijumaa hii natupia saa ya Kiswahili, na nimemwomba dada wa Java ndiye asome programu za wengine. Kakubali, ila ameuliza jambo nimekosa jibu: 19:00 programu iandike saa moja jioni au saa moja usiku?

wa_Likoni:
Usiku.

kaka_mkavu:
Jioni bwana, giza lenyewe ndiyo kwanza linaingia.

bintiSeva:
Hapo mtakesha. Kwenye maelezo ya swali andika "neno la kipindi si lazima".